Doa Chini ya Bega

...na mama yake naye hatulii, akituliza kichwa anachezesha bega, akituliza bega anapumua, na huwezi kumwambia mama yako mzazi asipumue, ingawa kwa filta hii ya kukuzia, ya tatu na nene kuliko zote, aliyoizungusha mbele ya kamera yake ndogo mpaka ikakazika, pumzi moja inatosha kuharibu kila kitu, doa la chini ya bega linaonekana wazi, linaingia ukungu, linarudi, linapotea tena... nitumie picha ya karibu kabisa, daktari wa ngozi alisema kwenye simu, kingo zionekane, weka na rula pembeni, akasema taratibu, taratibu mno, au ndivyo anavyoongea siku zote, atajuaje, hawajawahi kuonana... kamera hii kazi yake wadudu, siafu, mayai ya kipepeo chini ya jani, na huko mkono haujawahi kutetemeka, unabana pumzi, husogezi lenzi, unasogea wewe, mwili mzima, unywele mmoja mbele, unywele mmoja nyuma, mpaka kitu kikae sawa...

“Bado tu?” mama akauliza, ameketi kwenye kigoda dirishani, blauzi imeshuka kiunoni.

“Bado kidogo, mama, usitikisike.”

“Ningekuwa panzi ungeshamaliza,” akacheka, na mgongo wote ukacheka naye, picha ya kumi na moja hiyo, imekwenda na maji... kumi na moja, kama miezi, maana ni miezi kumi na moja tangu arusi ya binamu, alipokuwa anamfunga mama zipu akaliona, dogo, punje ya ufuta, gari linapiga honi nje, akajiambia nitamwambia kesho, na kesho ikazaa kesho, na sasa limekuwa mbegu ya papai, upande mmoja umevuja kama wino, na kaka yake atauliza tu, si wewe unayeishi naye, macho ulikuwa umeyaweka wapi... akazirudia picha kwenye kioo cha kamera, moja baada ya nyingine, rula imetoka safi, vistari unaweza kuvihesabu, kinyweleo cha pembeni yake kimetoka safi, doa tu ndilo lina ukungu, zote kumi na moja, na mkono uliozoea jicho la siafu haukosei mara kumi na moja mahali palepale, kumbe kila likianza kuonekana anarudi nyuma, yeye, kwa miguu yake mwenyewe...

“Shangazi yako aliliona,” mama akasema, kama anayeongea na dirisha. “Siku ya arusi. Nikamwambia anyamaze, asije akakuharibia siku. Wewe umeliona lini?”

Wiki iliyopita, angesema, ndivyo alivyomwambia daktari, neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi...

“Siku hiyohiyo, mama. Nilipokufunga zipu.”

Nje jirani anaanika nguo, bomba linadondosha, na yeye anangoja agombezwe kama mtoto, bora agombezwe...

“Kumbe tulikuwa tunafichana,” mama akasema. Kisha, “Haya piga, mwanangu, baridi inaniingia.”

...na hofu iko palepale, haijapungua hata chembe, ila akasogea mbele na kamera, doa likajaa kwenye kioo, kingo zake zote, zilivyochongoka, rangi zake tatu ambazo macho matupu hayakuzijua, na hakurudi nyuma.