Hakuna Aliyeguswa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, fundi vioo alisugua tangi la chatu wake kwa gazeti lililoloweshwa maji ya siki. Alianzia kona ya juu, akashuka taratibu, kisha akarudi nyuma na kufumba jicho moja ili aone kama pamebaki alama ya kidole. Tangi alilitengeneza mwenyewe kwa kioo kinene, cha aina inayowekwa kwenye madirisha ya benki. Mfuniko aliutia kufuli, na ufunguo aliuvaa shingoni.

Ng'ambo ya chumba hichohicho vilipangwa vizimba vya kalunguyeye. Hao walikuwa wa mkewe. Aliwazalisha na kuwauzia watu wa mjini wanaopenda mnyama mdogo asiyepiga kelele, hata kama ana miiba. Taa ya joto ilikuwa moja, na fundi hakuona sababu ya kulipia umeme wa taa mbili.

Jumamosi hiyo kizimba kimoja kilikuwa kitupu. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa waya, vilevile kama mke alivyouacha jana yake. Ndani ya tangi chatu alikuwa amelala na uvimbe katikati ya mwili, na ncha za miiba zilionekana zikisukuma ngozi kwa ndani, kama njiti za kiberiti mfukoni.

"Amekula tena," mke alisema.

Fundi alilivuta kufuli. Halikufunguka. "Amekula kwa mdomo wa nani? Kufuli si hili hapa?"

"Baba Chiriku, kioo kinazuia meno, harufu hakiizuii. Tangu uwaweke pamoja hawali, hawalali, wanakimbia huku na huku mpaka nyayo zinatoka damu. Nipe stoo niwahamishie huko."

"Stoo ina vioo vyangu. Na hao wako hakuna aliyewagusa."

Akageukia kona iliyobaki, akaendelea kusugua.

Chiriku alikuwa binti yao. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hata usingizini ukimwuliza swali alikujibu.

Fundi vioo alikuwa mtu wa kauli yake. Mwaka uliopita alimvunja mkewe mkono, ndugu wakakaa kikao, na mbele ya mjomba wa mke na mama yake mwenyewe akaapa kwa kaburi la baba yake kwamba hatamgusa tena. Hakumgusa. Alipopandwa na hasira alikaa kwenye kiti chake sebuleni, akaita, "Mama Chiriku, uko wapi?" Mke akaitika, "Niko jikoni." Hapo fundi aliupiga ukuta ngumi. Ukuta haukupata ufa wala rangi haikubanduka. Ngumi ilipita, ikamfuata mke alikosema yuko.

Asipoitikiwa, ngumi ilibaki ukutani na kumchubua vidole mwenyewe. Mke alilijua hilo. Lakini siku aliyojaribu kunyamaza, fundi aliita tena na tena, akipandisha sauti, mpaka mtoto akaanza kutetemeka chini ya meza. Ikabidi aitike ili mtoto apumue.

Jumamosi hiyo neno la stoo lilimkaa fundi rohoni kama mwiba wa samaki. Mke alikuwa jikoni, ungo mapajani, akichambua mchele. Aliitwa, akaitika. Taya lilimgeuka kama mlango uliong'oka bawaba, na jino likaangukia kwenye ungo. Alilitoa pamoja na mawe, akauosha mchele, akaubandika motoni. Baadaye alikwenda zahanati.

"Mume?" muuguzi aliuliza, akimfunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini.

"Ukuta."

"Wa jikoni au wa sebuleni?"

"Wa sebuleni."

"Hizo ndizo mbaya," muuguzi alisema, akaita mgonjwa mwingine.

Mke alituma ujumbe kwa ndugu. Kabla hawajafika alifunga nguo zake na za Chiriku kwenye begi, akaliweka nyuma ya mlango. Mjomba alikuja na miwani yake ya kusomea, mama mkwe akaja na vitumbua. Mke aliwapeleka moja kwa moja chumba cha wanyama, fundi akawafuata.

Hawakusubiri sana. Kati ya wawili waliobaki, kalunguyeye mkubwa, aliyekuwa na watoto tumboni, alijikunja kuwa mpira. Akalia kama kichanga. Mifupa ilisikika ikivunjika, damu ikachirizika mpaka ukingo wa sinia la kizimba, kisha kizimba kikabaki kitupu. Ng'ambo ya pili chatu, ambaye hakuwa amejisogeza, alivimba.

Mjomba alivaa miwani. "Mfuniko umefunguliwa?"

"Hapana, mjomba," fundi alisema.

"Basi tusimsingizie mnyama." Aligonga kioo kwa ukucha, akasikiliza mlio. "Kazi safi hii, mkwe. Na mimi dirisha langu la mbele nataka kama hiki."

"Na mimi je, mjomba?" mke aliuliza. Maneno yalipita kwa shida chini ya kitambaa. "Begi langu hilo hapo. Nirudi na wewe nyumbani, mimi na mwanangu."

"Alikugusa?"

"Ukuta ndio ulio..."

"Jibu swali, mwanangu."

"Hajanigusa."

"Sasa nikifika nawe kule, watu nitawaambia umerudi kwa kosa gani?"

"Mwanangu aliapa na hajavunja kiapo," mama mkwe alisema. "Mwanamume mwenye kauli kama hiyo, mkwe wangu, wenzio wanamtafuta kwa tochi. Tundikeni pazia katikati, hao wanyama wasiwe wanaonana."

Wakanywa chai. Pazia likatundikwa kabla hawajaondoka, la buluu, na lilipendeza. Mke alimtoa kizimbani kalunguyeye wa mwisho, akamtia kwenye mfuko wa aproni, akaenda kupika na moyo ule mdogo ukimpiga tumboni. Chiriku alikaa sakafuni akipanga vijiko.

"Mama Chiriku, uko wapi?"

Mke alifunga mdomo. Kwa kitambaa kile, haikuwa kazi.

"Mama Chiriku! Si nakuita?"

Chiriku alimtazama mama yake. Akaweka kijiko chini.

"Niko huku," akaitika, kwa sauti ya mama yake, sawasawa kabisa.

Mke aliachia mwiko. Alimwangukia mtoto, akamkunja ndani yake pamoja na kalunguyeye, vichwa ndani, mgongo nje, na ngumi ilipofika ilikuta mgongo.

Sebuleni fundi alijifuta vidole kwa gazeti, akawasha redio. Alikuwa hajamgusa mtu.