Dengu Tu

Mama Pacha hakuondoka kwa sababu ya mwanamke mwingine, wala pombe, wala kofi. Wambea wa mtaa walivitafuta vyote hivyo wakavikosa, wakabaki kushika tama. Aliondoka kwa sababu ya dengu. Mumewe mwenyewe alipoulizwa alijibu hivyo hivyo, "Dengu, jamani! Mtu anaacha nyumba yake kwa ajili ya dengu!" na kila aliyemsikia alimpa pole. Maskini ya Mungu, hakujua kwamba kila akilisema hilo anazidi kujichimbia shimo.

Mambo yalikuwa hivi. Mume huyu alikuwa fundi wa friji, na mji mzima ulimwita Fundi. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Mteja akimchekea kidogo tu, anaalikwa chakula Ijumaa. Mke haambiwi. Mke anajua kuna wageni pale mlango unapogongwa na viatu vya watu sita vinapopangwa kizingitini. Anajifunga aproni, anaingia jikoni. Baadaye zinatoka dengu za kuoka: dengu nyekundu zilizochemshwa mpaka zikawa nzito, zikaungwa kwa viungo, zikamiminwa kwenye trei, zikapakwa maziwa mgando na kuokwa mpaka zifanye ukoko juu. Wageni walikula mpaka wakalegeza mikanda.

Ijumaa ile ya mwisho, mgeni mmoja, fundi bomba, alimgeukia mama wa nyumba akamwambia, "Mama, asante. Hiki chakula ni kazi, si mchezo."

Kabla mama hajafungua kinywa, Fundi akadakia, "Ah, dengu tu hizo! Mwenzangu hana kazi nyingine."

Wageni wakacheka. Mama Pacha naye akacheka. Akawamiminia chai wote, akavua aproni, akaitundika msumarini, akateremsha sanduku lake juu ya kabati, akaenda zake kwa dada yake upande wa pili wa mji. Hao pacha wenyewe walikwisha kuwa watu wazima wenye nyumba zao, kwa hiyo hapakuwa na mtoto wa kumshika nguo.

Kesho yake Fundi akamfuata. Hakukaribishwa ndani. Mkewe alizungumza naye mlangoni, taratibu, bila kupandisha sauti.

"Baba Pacha, nenda kapike dengu. Pika mwenyewe, usimtume mtu. Zikiiva zilete hapa, ndipo tutazungumza."

Fundi aliondoka anapiga mluzi. Alikuwa amejiandaa kwa kikao cha wazee, pengine hata talaka, kumbe anapewa adhabu ya mtoto wa shule! Moyoni alishamwona mkewe amekaa sebuleni kwao, na sanduku limerudi juu ya kabati. Dengu tu, bwana. Kwani ni kurusha ndege?

Jioni hiyo alichemsha dengu, akatia chumvi na manjano, akaoka. Alichotoa hakikuwa uji wala hakikuwa mkate. Upande wa kulia kilikuwa maji, upande wa kushoto kilikuwa mkaa. Alimwekea paka wa jirani kidogo. Paka akanusa, akamtazama Fundi, akaondoka.

Ndipo akaenda sokoni kwa muuza viungo, bibi mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Nipe viungo vya dengu," akasema Fundi.

"Viungo gani?"

"Si hivyo vya dengu."

"Baba, wewe ukienda hospitali unasema nipe dawa za ugonjwa?"

Fundi akajikuna kichwa. Miaka yote alikuwa mlaji, hakuwa mwonjaji. Akajaribu kueleza: kuna uchungu kwa mbali, halafu kuna uchachu, halafu kuna harufu moja ambayo ukiikosa unajua umeikosa. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Hizo mbona ni dengu za Mama Pacha! Kumbe mume ndiye wewe? Loo! Mkeo alikuwa hakosi hapa kila Jumanne."

"Kila Jumanne? Mbona wageni walikuwa wanakuja mara moja moja tu?"

"Sasa yeye angejuaje wanakuja lini?" bibi akauliza. Fundi akajifanya anachagua vitunguu.

Bibi alimpimia bizari nyembamba, giligilani, iliki na ukwaju. Vitu viwili hakuwa navyo. Uchungu ule wa kwa mbali ni majani makavu ya uwatu, akasema, na hayo huletwa na dereva mmoja wa lori, akikumbuka. Ile harufu nyingine ni mvuje, ule utomvu mkavu unaonuka. Ataupata kwa muuza dawa za asili nyuma ya kituo cha mabasi, iwapo atamkuta na iwapo mwenyewe ameamka vizuri. "Mkeo alikuwa anavifuata vyote mwenyewe," bibi akaongeza. "Na ukisikia harufu ya mvuje usikimbie. Ndivyo ulivyo."

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Fundi aliinama. Alikaa kwenye maegesho ya malori, juani, juu ya tairi kuukuu, akimngoja dereva. Dereva akaja mikono mitupu. "Nimesahau, mzee wangu. Safari ijayo." Fundi, ambaye friji ya mtu ingeweza kukaa kwenye karakana yake mpaka mwenyewe akasahau rangi yake, alikasirika kweli kweli. Watu wa ahadi za uongo hawa! Akarudi safari iliyofuata, na nyingine tena, mpaka akapata mfuko mdogo wa majani yaliyokauka. Mama wa chai wa pale maegeshoni alimwambia kwamba tairi lile alilokalia ndilo alilokuwa akikalia yule mama mwembamba aliyekuwa akifuata uwatu. Fundi akainuka kidogo, akalitazama, akakaa tena.

Mvuje nao una kisa chake. Aliupata baada ya kumbembeleza muuza dawa kama anaposa, akautia kwenye begi la vifaa, akaenda moja kwa moja kwa mteja. Alipofungua begi jikoni kwa watu, harufu ikatoka mbio. Mwenye friji akaziba pua. "Fundi, humo ndani kuna panya amekufa!" Wakasogeza friji, wakasogeza kabati, wakamtafuta marehemu panya kila pembe. Fundi aliona haya kusema. Kichwani alikuwa anakumbuka siku alizomwambia mkewe mbele ya watu, "Mama Pacha, leo unanuka nini?" na watu wakacheka.

Hapo ndipo mzaha ulipomtoka. Alipika tena na tena. Alijifunza kwamba mvuje hukaangwa kidogo sana kwenye mafuta mpaka uvundo ukate ubaki utamu, na kwamba ukwaju ukitangulia dengu haziivi. Aliungua vidole. Dengu zikaanza kuwa dengu. Ila oveni ilimshinda: kila mara upande wa kushoto uliungua.

Kinyozi hajinyoi, lakini kinyozi akikosa wa kumnyoa atashika wembe. Fundi akaivuta oveni kutoka ukutani, akaifungua. Themostati, kile kidude cha kupima joto, ilikuwa imechomoka kwenye kishikizo chake, na bawaba moja ya mlango ilikuwa imelegea. Mlangoni alikuta kitambaa kilichokunjwa kikakunjwa, kimeungua kingo. Ndicho mkewe alichokuwa akibania mlango usifunguke. Akakitupa. Akakaza skrubu mbili, akarudisha themostati mahali pake. Alipomaliza, chai yake ilikuwa bado ya moto, akainywa huku amejawa na fahari.

Trei ya mwisho ilitoka na rangi moja kutoka pembe hii mpaka pembe ile. Fundi akaonja. Zilikuwa zenyewe. Machozi yalimlengalenga na hakuona aibu, maana hakukuwa na mtu. Siku iliyotangulia alikuwa amepiga simu kusema atakuja. Akaoga, akavaa shati la kaunda suti, akaifunga trei kwa taulo, akavuka mji nayo mapajani.

Shemeji yake, dada mkubwa wa Mama Pacha, ndiye aliyefungua. "Umetuletea nini, shemeji?"

"Dengu," akasema Fundi. Kulikuwa na neno jingine dogo lililozoea kufuata hapo. Ulimi ukaligomea.

Alikaribishwa ndani. Nyuma ya mlango aliliona sanduku la mkewe, limefungwa mikanda. Limefungwa! Mwanamke yuko tayari kurudi. Akajizuia asicheke peke yake.

Mama Pacha alikaa mezani, akapakua, akala. Alikula kama mtu anayesoma, polepole, akirudi nyuma mara moja moja. Dada yake naye alikuwa ameshaongeza. Fundi alikuwa ameshika magoti yake mwenyewe.

"Umepata majani ya uwatu," mkewe akasema mwishowe.

"Nimekaa kwenye lile tairi."

Mama Pacha akamtazama, na kwa mara ya kwanza uso ukalainika. Fundi aliiona pale nyumba yake yote ikirudi. Laiti angenyamaza.

"Na upande wa kushoto haukuungua. Oveni ile huunguza kushoto. Mimi huigeuza trei katikati, na mlango naubana kwa kitambaa. Wewe umefanyaje?"

Fundi alikuwa analingojea swali hilo tangu asubuhi. "Nimeitengeneza!" akasema, kifua mbele. "Skrubu mbili, themostati nikairudisha pale pake, basi. Kazi ndogo, Mama Pacha! Hata chai yangu haikupoa."

Shemeji akaacha kutafuna.

Mama Pacha aliweka kijiko kando ya sahani. "Nilikuomba uitengeneze pacha wakiwa darasa la kwanza."

"Najua, lakini unajua kazi zilivyokuwa…"

"Ngoja. Mimi nimengoja, na wewe ngoja kidogo." Sauti ilikuwa ile ile ya mlangoni. "Nilipokutuma ukapike, nilijua utashindwa. Nilisema, ataleta vitu vimeungua kushoto, nitamcheka, nitamhurumia, nitabeba sanduku turudi nyumbani. Ndiyo, nimelifunga jana ulipopiga simu. Mtu asiyeweza utamlaumu nini? Unamsamehe. Mimi nimekusamehe hivyo miaka yote, Baba Pacha. Nilikuwa nasema, hawezi." Akaitazama trei. "Kumbe unaweza."

Fundi alitaka kusema kwamba sasa ataweza kila siku, kwamba ameelewa, kwamba hata paka ni shahidi. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa yanamwongezea kosa. "Kwa hiyo dengu ni mbaya?" ndilo lililotoka.

"Ni nzuri sana. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuzila za moto. Asante. Trei iache, ni ya mama yangu."

Shemeji alimsindikiza mpaka mlangoni, akamshika bega, akafunga mlango. Fundi alibaki barazani na taulo mkononi. Dirisha lilikuwa wazi.

"Sasa sanduku?" shemeji akauliza huko ndani.

"Lifungue tu, dada, utoe nguo. Mimi naongeza kidogo kabla hazijapoa."