Moto Hautoki Siagi Ikiwa Pipani

Kule kijijini Kilnabrack, mtu akikukuta unasukasuka maziwa pipani kupata siagi, naye lazima ashike mchi wa kusukia asuke kidogo. Asiposuka, huyo kaja kuiba baraka ya siagi. Na moto hautoki nyumbani, hata kaa moja, mpaka siagi itolewe pipani, maana baraka hutoka nao. Wanakijiji wanaapa kwamba bibi mmoja wa Jumba Kuu, kwa mabwana wenye ardhi, alikuwa akijigeuza sungura na kunyonya ng'ombe wao, ndiyo maana siagi iko kwa mabwana na kwao ni maji matupu.

Kwa hiyo Thady, askari wa mashamba ya Jumba, aliposukuma mlango, Sabina, aliyekuwa akisuka maziwa, alimuwahi. "Shika mchi, Thady. Au umekuja kuniibia?"

"Namtaka kaka yako. Kavua samaki wa Bwana."

"Suka kwanza. Mama yako angekuona, angekuzaba kibao."

Thady akasonya, lakini akaegemeza bunduki, akashika mchi. Jibaba lote lile, linaogopa pipa! Sabina angecheka, ila moyo ulikuwa unamwenda mbio. Colman, kaka yake, alikuwa bandani kwa ng'ombe, juu darini. Akikamatwa ni meli ya wafungwa, na waliopanda meli ile hajarudi hata mmoja.

Huko nyuma kitu kikaanguka, puu! Sabina akakohoa kwa nguvu. Kupitia kidirisha akamwona Colman anakimbia, anaburuta mguu. Kaumia, Mungu wangu! Na ukuta wa mawe, ambao akiuvuka haonekani tena, bado uko mbali.

Pipani mlio ukawa mzito. Siagi imeshikana. Siku zote inamchosha mikono, leo ndiyo inawahi! Thady akauachia mchi, akageukia mlango.

"Ngoja!" Sabina akadaka koleo, akatoa kaa la moto mekoni. "Washa kiko chako, ndugu yangu, uende nacho."

Thady akalitazama kaa, kisha akamtazama yeye. Hakuna mwanamke wa Kilnabrack anayetoa moto siagi ingali pipani, tena kwa mtu wa Jumba, labda awe anaokoa kitu kikubwa kuliko siagi. Sabina akaona usoni mwake kwamba ameelewa. Akajichukia.

Thady akatupa jicho dirishani. Colman alikuwa ameng'ang'ania ukuta, mguu mmoja juu, havuki. Bunduki ilikuwa palepale, karibu na mkono. Sabina alishindwa hata kuomba.

"Rudisha moto wako, dada," Thady akasema. Akaligeuzia mgongo dirisha, akaushika tena mchi. "Siagi yenyewe bado."

Akasuka, na kila pigo bonge la siagi liligonga ubao, wote wawili wakilisikia.