Kilio cha Mbwa wa Mlinzi

Binti alimnyoa mbwa tumbo, akampangusa, akauweka mkia pembeni usichafue shuka. Mbwa alikuwa wa mlinzi mzee wa ghala la jirani, na alikuwa na uvimbe wa kutolewa. Sindano alishachomwa. Ulimi ulining'inia, na utando mweupe wa kona ya jicho ulikuwa umefunika nusu ya mboni. Lakini masikio bado yalifuata kila hatua ya mjomba wake, daktari wa mifugo.

"Mjomba, huyu hajalala. Katulizwa tu. Dawa hii haiondoi maumivu."

"Anajitikisa?"

"Hawezi."

"Basi kalala." Daktari alivaa glavu.

"Ile ya usingizi ipo kabatini, imejaa."

"Ile ni ya farasi wa mwenyekiti. Shika kichwa."

Kisu kilipoingia, mbwa hakusogea. Moyo tu ndio ulikwenda mbio chini ya kiganja cha binti. Kilio kikampanda mikononi, kikafika kooni, kikamtoka mdomoni: kirefu, cha mbwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila aliyeshika kichwa. Msaidizi wa kabla yake aliacha kazi baada ya mchumba wake kuchoka kubwekewa kwenye simu.

"Lia polepole," mjomba alisema bila kuinua macho. "Kuna wateja nje."

Binti akauma kola ya koti, akalia polepole.

Mlinzi alipoitwa ndani alivua kofia. "Nilisikia kilio, daktari, nikajua ni wangu."

"Hapana, mzee. Huyo ni mpwa wangu. Wako kalala fofofo."

"Alhamdulillahi. Nilikuwa roho juu."

Binti alifungua mdomo amwambie ukweli. Akabweka. Juu ya meza, mbwa akasimamisha masikio na kumtazama, kama anayeitwa na mtu wa nyumbani.

"Pole na koo, mwanangu," mlinzi alisema. "Kunywa maji ya moto."

Akamfunga mbwa katika blanketi, akaondoka akishukuru.

Jumamosi farasi wa mwenyekiti aliletwa kukatwa kwato. Mwenyekiti hakupenda farasi wake asumbuliwe, kwa hiyo farasi alichomwa ile ya usingizi, akalala chini kama gunia. Binti alishika kichwa. Hakuna kilichopanda mikononi, hakuna kilichomtoka mdomoni.

Mjomba alimtazama, akaridhika.

"Unaona? Kumbe ukitaka kunyamaza unaweza."