Kicheko cha Mjomba

Kila mara mzee alipoletwa kwenye chumba cha vidonda, mpwa wake ndiye aliyekisukuma kiti cha magurudumu. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mzee ulimi pamoja na upande mmoja wa mwili, na mguuni alikuwa na kidonda kilichogoma kupona. Mzee, mpwa na nesi, wote walivaa barakoa.

"Mjomba leo kaamka na vituko vyake," mpwa alisema. "Mwone anavyocheka!"

Kweli, macho ya mzee yalikuwa yamefinyika, mikunjo imejaa pembeni.

"Mzee, kwa kicheko hiki utanivunjia ndoa," nesi alimtania, huku akibandua bandeji. Mikunjo ikazidi. Nesi akajisifu moyoni kwamba ana mkono mwepesi.

Ghafla mzee akapaliwa. Alikohoa mpaka kamba ya barakoa ikachomoka sikioni.

Hapakuwa na kicheko. Meno yalikuwa yameumana, na mdomo wa chini umevimba na kupasuka, damu imekauka kwenye ufa. Macho yalikuwa yale yale.

Mpwa aliirudisha barakoa upesi. "Kifua chake dhaifu, sista. Usimwache wazi."

Nesi alijikaza. "Kaka, hebu nisaidie. Nenda dirisha la dawa uniletee bandeji pana."

"Si zile pale kabatini?"

"Zile nyembamba."

Mpwa alisita, kisha akatoka. Nesi akatia komeo, akaushika mkono wa mzee usiopooza.

"Mzee wangu, kama kuna mtu anakuumiza, nibinye."

Mzee alimbinya mpaka vidole vikamuuma. Hata nesi alipompigia daktari simu, mzee hakumwachia.

Alilazwa siku hiyo hiyo, na mpwa akazuiwa wodini. Binti wa mzee, aliyeishi mbali, alipopigiwa simu alilia, akasema anafunga safari. Nesi alikumbuka utani wake wote, akajiona kama aliyekuwa akimcheka mtu anayezama.

Jioni, alipotoka kazini, mpwa alikuwa amesimama langoni, barakoa usoni.

"Pole na kazi, sista," alisema kwa upole. "Umemhangaikia sana mjomba. Kwani huwa unapita njia ipi kwenda nyumbani?"

Nesi alimtazama machoni. Alitafuta hasira, akatafuta aibu, asione hata moja. Akageuka, akarudi ndani kumwomba mlinzi amsindikize.