Vibawa vya Orlin Skaar

Katika mji wao mdogo jimboni Wisconsin, Marekani, unaweza kumwita jirani yako mlevi au bahili, na maisha yakaendelea. Lakini kuingia gereji ya mwanamume ukakosoa kazi ya mikono yake, hilo ni jambo la kuhamisha watu. Orlin Skaar hakuwa akisemezana na ndugu yake wa tumbo moja tangu yule bwana atamke kwamba mlango wa gereji umekaa upande.

Ndiyo maana Lowell Brekke, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alisimama siku hiyo gerejini kwa Orlin na kipande cha keki mdomoni, asijue aseme au anyamaze.

Orlin alikuwa amemaliza ndege aliyoiunda mwenyewe, na kesho yake asubuhi angeirusha. Aliwaita wenzake wa klabu ya marubani waje kuona kazi ya mwisho: vile vibawa vidogo vya nyuma ya mabawa, vinavyopanda na kushuka ili ndege iiname na kukata kona. Alikuwa amevinyoosha kwa pima maji, kwa uzi, kwa jicho moja limefumbwa. Akajipachika kitini, akausukuma usukani kulia. Kibawa cha kulia kikashuka, laini kabisa, bila hata mlio.

Lowell akakitazama tena. Kilipaswa kupanda. Orlin alikuwa ameunganisha nyaya kinyume. Huko angani akitaka kukata kona ya kulia, ndege ingelalia kushoto, naye angezidi kusukuma mpaka ardhini.

"Mnaonaje?" Orlin aliuliza, meno yote nje.

"Ni... ya aina yake, bwana," alisema Delmar, fundi bomba, akitazama viatu vyake.

"Rangi imekaa," akadakia mwingine. "Nyekundu hiyo, kweli kweli!"

Lowell akajaribu kuzungukia mbali. "Nasikia kesho kuna upepo, Orlin."

"Upepo gani? Hata jani halitikisiki."

"Na lile goti lako?"

"Goti langu lina nini? Una nini leo wewe, umekuwa mama mkwe wangu?"

Watu wakacheka. Lowell naye akacheka, akajichukia kwa kicheko hicho. Akilini aliona kanisa, akaona viazi vya kuokwa na jibini mezani baada ya mazishi, na Delmar akisimulia jinsi marehemu alivyokuwa fundi hodari. Mficha uchi hazai, na mficha kosa la rafiki huishia kubeba jeneza lake.

"Umefunga kinyume!" likamtoka, kwa sauti iliyomshtua hata yeye. "Vyote viwili! Ukiruka nayo hivyo utakufa, Orlin, na mimi sitaki ufe!"

Orlin akausukuma usukani kulia, akatazama. Akausukuma kushoto, akatazama. Akaiva uso mpaka masikioni.

"Nilifunga nikiwa nimeelekea mkiani, kulia kukawa kushoto," alisema polepole.

"Mimi pia niliona," Delmar akasema.

"Hata mimi."

"Mliona? Na mkaendelea kula keki yangu?"

Hakuna aliyeacha kutafuna, maana keki yenyewe ilikuwa nzuri. Orlin akamgeukia mkewe, Ardis, aliyekuwa akimimina kahawa. "Na wewe?"

"Tangu Jumanne. Kiti cha abiria kwenye ndege za klabu nimekikalia miaka mingapi, nisijue?" Ardis aliweka birika chini. "Niliogopa utaninunia mpaka Krismasi. Nikasema, atatokea mtu amwambie."

"Na asingetokea?"

Ardis akatia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa ufunguo wa ndege. "Ungeutafuta huu mpaka theluji ianguke."

Lowell hakujua acheke au alie. Orlin alishuka kwenye ndege, akamwendea, akamtia spana mkononi bila kumtazama usoni. Ardis akamnyooshea mumewe ufunguo.

"Kaa nao," Orlin alisema, "mpaka Lowell aseme tayari."