Mkia wa Mtande

Mashine mbili tu ndizo zilizokuwa zikifuma bandani asubuhi ile, na Manzur alikuwa akihangaika baina ya hizo mbili kama mama mwenye mapacha. Nyingine nne zilikuwa zimefunikwa magunia. Vumbi la poliesta lilimkaa kwenye kope na masharubu. Sisi wa mtaa ule wa Faisalabad, hapa Pakistani, tumezoea kupigiana kelele hata tukiulizana hali, maana mashine zimetuharibu masikio tangu utotoni. Siku hizi ukipita vichochoroni unasikia hata kuku wakiparua. Nisikufiche, ukimya ule unatisha.

Haji Latif, mwenye banda, aliingia akijifuta jasho. Hakumtazama Manzur usoni. Aligusa mtande, zile nyuzi ndefu zilizotandwa mashineni, uliokuwa ukikaribia kwisha, akasema ukiisha asiache mkia, azikate nyuzi zote na kuzitoa.

Manzur akazima mashine.

Mfumaji hakati mkia hivi hivi. Mtande ukiisha, unaziacha ncha za nyuzi zikiwa bado zimepita ndani ya mashine, ili mfungaji aje aketi pale aunge kila uzi mpya kwenye uzi wa zamani. Katika banda lile nyuzi zilikuwa zikirithiana namna hiyo tangu enzi za baba yake Haji. Anayekata mkia ni yule asiyetarajia mtande mwingine.

"Umeziuza," Manzur alisema.

Haji akajikalia juu ya gunia. Akaeleza kwamba serikali imepandisha ushuru wa nyuzi za poliesta zinazotoka nje, eti kulinda viwanda vya nyumbani. Tajiri anayetengeneza nyuzi hizo humu nchini naye hakulaza damu, akapandisha bei yake papo hapo. Wakati huohuo vitambaa vya magendo vimejaa sokoni, bei yake chini kuliko nyuzi tupu anazonunua yeye. Alikwenda mpaka ofisi ya forodha kulalamika. Karani akamwuliza kiwanda chake kina mashine ngapi, na aliposikia ni sita akacheka, akamwita mwenzake aje asikie.

"Viwanda vya nyumbani," Manzur alisema. "Kwani hili banda letu liko ugenini?"

"Kawaulize wao, mwanangu. Mimi wamenicheka tu."

Manzur alifuma mpaka mtande ukaisha. Kisha akachukua mkasi, akaufuta kwa kanzu yake, akamwekea Haji mkononi.

"Kata mwenyewe, Haji Sahibu. Mimi sikati."

Haji aliushika mkasi kitambo, akautua dirishani, akatoka kwenda kuswali. Mkia ukabaki umening'inia mashineni, mweupe, kila uzi mahali pake.

Baada ya adhuhuri lilikuja lori la wanunuzi wa chuma chakavu. Hawakuuliza habari ya mkia wala ya nani. Walipitisha kisu, wakaubwaga sakafuni, wakaukanyaga. Mashine haipakiwi nzima. Inavunjwa kwanza, ikapimwe kwa kilo. Mtu wao mmoja alikuwa mgonjwa, na msimamizi akamtazama Manzur mabega, akamwuliza kama anataka kibarua, cha leo na kesho.

Manzur alijua nyumbani hakuna unga. Asubuhi alimwona mkewe Shamim akikung'uta debe, na shemeji mwenye banda mtaa wa pili naye hana cha kuwakopesha. Alisimama pale mpaka msimamizi akaanza kugeuka amtafute mwingine, ndipo akanyoosha mkono. Alipewa nyundo kubwa. Pigo la kwanza lilimtoa machozi, na hakuyafuta. La pili lilivunja mguu wa mashine aliyofundishiwa kazi kabla hajaota ndevu. Haji alikuwa amesimama mlangoni.

Jioni Manzur aliingia nyumbani na unga, mafuta, dengu na nusu kilo ya nyama. Ujira wa kuvunja ulikuwa umeuzidi ule wa kufuma. Shamim aliipokea nyama kwa mikono miwili, uso umemkunjuka, maana hajaiona kwa miezi.

"Alhamdulillahi," alisema. "Kumbe kazi imerudi?"

Manzur aliketi kitandani akivua viatu. Viganja vilikuwa vimechubuka.

"Imerudi."

"Na kesho ipo?"

"Kesho ipo. Tunavunja banda la kaka yako."